Ndoo Iliyomuua Mpanda Baiskeli

Mlioniacha wiki iliyopita nimefungiwa Ngomeni, mkaniombea dua, Mungu awalipe. Dua zenu zilifika. Zilinitoa Ngomeni asubuhi na mapema, zikanipeleka kortini.

Kwa msomaji aliyekuwa safarini, nitaeleza kwa ufupi. Mimi ni Barka, mchukuzi wa mawe na boriti katika mji wa Amu, mwanamke huru tangu Serikali ilipotangaza kwamba hapana tena mtumwa wala mwenye mtumwa. Uhuru wangu niliutumia kujipatia punda mmoja. Baadaye nyumba yangu iliungua. Mume wangu akaenda pwani ya Banadiri kutafuta riziki ya kuezekea nyingine, akapata huko mke mwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa. Na juma lililopita, kwenye mteremko wa Langoni, punda wangu alikutana na Bwana Gharib, mtu wa kwanza kupanda baiskeli katika mji wetu.

Punda alisalimika. Bwana Gharib aligonga kichwa kwenye baraza ya mawe, na adhuhuri haikumkuta hai.

Nasema kweli, nilimlilia. Alikuwa mgeni kutoka Unguja, mpole, mwenye kanzu nyeupe kila siku ya Mungu. Akinipita njiani alinisalimu mimi kwanza, kisha akamsalimu punda.

Basi nikaingia kortini.

Hakimu alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye masharubu mekundu, mgeni wa mji, mwenye hamu ya kujua kila kitu isipokuwa Kiswahili, ambacho alikuwa amekiachia Karani Yunusi. Karani Yunusi, mkalimani, alikuwa mtu wa Unguja na alijua kwamba ni mtu wa Unguja. Kulia kwa Hakimu aliketi mshauri wake katika mambo ya mila, Bwana Abdulhalim.

Nilipomwona Bwana Abdulhalim, niliinamisha macho. Nilizaliwa katika nyumba yake. Nilimchotea maji, nikamtandikia, nikampepea, mpaka siku Serikali ilipotutenganisha. Tangu siku hiyo hatukuwa tumetazamana uso kwa uso.

Na juu ya meza ya Hakimu palikuwa na ndoo.

Ilikuwa ndoo ya bati, imebonyea ubavuni, imefungwa kikaratasi kwenye mpini.

"Barka," akasema Karani Yunusi, "Hakimu anauliza kama waitambua hii."

"Naitambua. Ni ndoo."

"Ni yako?"

"Bwana karani, mwenye ndoo njema hivyo hubeba mawe?"

Watu wakacheka. Karani Yunusi hakucheka.

"Usifanye mzaha. Serikali yakushtaki kwamba wewe, mwendeshaji wa punda, kwa uzembe wako uliyakatisha maisha ya mpanda baiskeli. Ukionekana na hatia utapelekwa gereza la Mombasa kufanya kazi ngumu, na punda wako atapigwa risasi."

Kazi ngumu sikuiogopa. Niliifanya bure tangu utotoni. Lililoniogofya ni lile neno "utapelekwa". Tangu nipate uhuru wangu, hakuna mtu aliyenipeleka mahali. Nilikwenda mwenyewe.

"Sasa jibu," akaendelea. "Ulipoiona baiskeli inashuka, ulifanya nini?"

"Nalipija ukelele."

"Ukasema nini?"

"Nalisema ndoo."

Karani Yunusi akamgeukia Hakimu kwa uso wa mvuvi aliyevua papa. Akasema naye kwa Kiingereza, na kila aliposema alikuwa akilipigapiga lile bati kwa kidole.

"Hakimu anauliza: ndoo hiyo ulikuwa umeishika, au ilikuwa imeshikwa na mwenzako?"

"Mwenzangu yupi?"

"Huyo aliyekuwa juu dirishani."

"Dirishani palikuwa na nani?"

"Hilo ndilo Hakimu analotaka kujua!"

"Basi sote twataka kuyua," nikasema, "maana mimi sikumwona mtu wala ndoo."

"Lakini umekiri kwamba ulisema ndoo!"

"Kusema ndoo ni haramu tangu lini?"

Hakimu akauliza jambo, karani akajibu, Hakimu akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikatambua kwamba nimejitetea mpaka nimejitia hatiani, wala sikujua kwa njia gani.

Hapo mlango wa korti ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia mwanamke mnene, shungi limemwangukia begani kwa ghadhabu. Alikuwa Bi Swafiya, ambaye nyumba yake inatazama mteremko ule kwa madirisha ya juu.

"Iyo hapo!" akapiga kelele. "Iyo hapo ndoo yangu! Askari ameitukua yana alasiri msalani mwangu bila ya hodi! Tangu yana naoga kwa kikombe!"

"Bibi," akasema Karani Yunusi, "ndoo hii imeua mtu."

"Imeua mtu nayo haikutoka msalani?"

"Siku ile ulimwaga maji dirishani. Kubali tu."

Bi Swafiya akajishika kiuno. "Sikiza, ewe kijana wa watu. Nyumba ya babu yangu haimwagi mai ndiani. Mai yetu yana ndia yake, ya kuingilia na ya kutokea, na ilikuwapo kabla babu yako hayapanda chombo kuja kuona mui huu wa Amu. Nipa ndoo yangu."

Hakimu aliamuru kwamba ndoo ni ushahidi na itabaki. Bi Swafiya akaamuru kwamba basi na yeye atabaki. Akaketi mbele kabisa, macho kwenye bati lake, na hakuna askari aliyethubutu kumwondoa.

Akaitwa Madi mhunzi, ambaye karakana yake iko penye mteremko huohuo, hatua chache kutoka pale palipotokea msiba.

"Nalikuwa nanyosha ndowana," akasema. "Nikasikia Barka apija ukelele: 'Ndoo, bwana! Ndoo!' Nikatoka. Bwana Gharib yuwaja na chombo chake kama mshale, lakini mato hayako ndiani. Ameinua kitwa, atazama madirisha, kama mtu aogopaye kumwagiwa. Punda akapita mbele yake. Basi. Mungu amrehemu."

Karani Yunusi akayageuza maneno hayo kwa Kiingereza. Lugha hiyo siijui, lakini aliinua ndoo juu kwa mikono miwili ili Hakimu asikose kufahamu.

"Taratibu!" akafoka Bi Swafiya. "Mpini huo ni mbovu!"

Wasomaji wangu, mnacheka. Nami leo nacheka. Wakati ule nilikuwa nimesimama katika kizimba, nikiliangalia bati la watu likiinuliwa na kushushwa, na kila lilipoinuliwa nilijiona nimesogea karibu na Mombasa.

Ndipo ikasikika sauti kutoka nyuma ya pazia.

Pazia hilo lilitundikwa pembeni na jamaa za marehemu. Nyuma yake aliketi mjane, Bi Umulkheir, binti wa Amu, ambaye kadhi alimpa ruhusa ya kutoka edani kwa ajili ya shauri hili tu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini korti nzima iliisikia.

"Tangu asubuhi nasikiza," akasema. "Ndoo imetajwa, ndoo imeinuliwa, ndoo imegombaniwa. Ina la mume wangu hakuna aliyelitaja, ila Madi. Na Madi ni mhunzi, si korti."

Karani Yunusi akainamisha uso.

"Bwana karani, wewe ni mtu wa Unguja kama alivyokuwa yeye. Ukitaka mtu aje kwako, wamwambiaje?"

"Namwambia njoo."

"Sisi huku twasema ndoo. Kama tusemavyo ndia, nanyi mwasema njia. Barka hakutaja bati la mtu. Alisema: njoo."

Ningependa kuwaeleza jinsi karani alivyobadilika rangi, lakini nitamstahi, kwa kuwa bado yu hai na anasoma magazeti.

"Siku ya kwanza ya ndoa yetu," akaendelea Bi Umulkheir, "nalimwambia mume wangu, 'Ndoo.' Akaondoka, akarudi na ndoo. Nikacheka hata nikalia. Kisha ukawa mchezo wetu. Nikimwita ndoo, huniletea ndoo; akikosa ya kwetu, huenda kwa jirani. Alijua maana yake nikiisema mimi. Nyumbani, kwa mdomo wangu, alijua. Ndiani, na chombo kile chakimbia, akili ilirudi kwao. Alidhani yuamwagiwa."

Kisha akaongeza:

"Akatazama juu. Aliogopea kanzu. Nalikuwa nimeifua mimi."

Hakuna aliyecheka. Hata Bi Swafiya aliacha kuitazama ndoo yake.

Karani Yunusi hakuwa na njia ila kumweleza Hakimu yote, na kumweleza pamoja na hayo kwamba mkalimani wake alikuwa ameshtaki bati. Nilitazamia hasira. Lakini Hakimu uso ulimchanua. Nadhani ndilo lililokuwa neno la kwanza la nchi hii kumfikia bila kupitia kwa karani. Akalionja ulimini.

"Ndoo," akasema. Akamtazama askari aliyekuwa mlangoni, akampungia mkono. "Ndoo!"

Askari yule alikuwa mtu wa bara. Akapiga saluti, akaenda mezani, akachukua ndoo na kumpelekea Hakimu mbele ya pua yake.

"Atauvunja mpini huyo!" akalia Bi Swafiya, na safari hii korti nzima ilicheka, Hakimu akiwa wa kwanza.

Karani Yunusi akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Mngesema Kiswahili safi, haya yote yasingetokea."

"Kiswahili kimezawa huku, bwana karani," nikamjibu. "Kwenu kilikwenda kutembea."

Nikafurahi. Nikajiona nimekwisha kufika nyumbani, napika. Kumbe furaha ile ilikuwa ya kuku aliyefunguliwa kamba ili achinjwe.

"Sikumaliza," ikasema sauti ya nyuma ya pazia. "Barka."

"Labeka, Bi Umulkheir."

"Mhunzi amesema hukusema ndoo tu. Ulisema, 'Ndoo, bwana.'"

Nikamtazama Madi.

"Bwana huyo ni nani?" akauliza. "Ndiani palikuwa na mwanamume mmoja. Ikiwa ulimwona ashuka, na punda wako yuko hapo, kisha ukamwita mume wangu aje kwako, basi wewe ndiwe uliyemwita akafa. Sitaki Mombasa yako wala sitaki punda wako. Nataka kuyua tu nimsamehe nani."

Korti ilikuwa imeuliza ni nani mwenye hatia. Mjane aliuliza ni nani wa kumsamehe. Yalifanana maswali hayo, lakini lile la pili nisingeweza kulijibu kwa mzaha.

Hakimu aliposikia tafsiri, tabasamu lilimtoka. Neno lililokuwa limeniokoa likageuka kuwa kamba.

"Jibu," akasema Karani Yunusi. "Bwana uliyemwita ni nani?"

Wasomaji, jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa jibu la kweli, fupi, na lingenitoa pale kizimbani. Lakini kati yangu na jibu hilo alikuwa ameketi Bwana Abdulhalim na tasbihi yake.

Kama ningenyamaza, ningekwenda Mombasa na mjane angelala kila usiku akidhani nilimwita mumewe kwenye mauti. Kama ningesema, ningemtukana mbele ya mji mzima mtu aliyekuwa na sauti ya pili katika hukumu yangu.

Nikawaza kanzu ile iliyofuliwa. Nikasema.

"Sikumwita mume wako, Bi Umulkheir. Wallahi sikumwita. Nalimwita punda."

"Punda?" akasema Karani Yunusi. "Wewe humwita punda bwana?"

"Ndilo ina lake."



"Jina la nani?"

"La punda. Punda wangu aitwa Bwana."

Nilisikia mtu mmoja nyuma akikohoa, kisha mwingine, kisha kikohozi kikaenea korti nzima kama tauni. Watu wazima walikuwa wameficha nyuso ndani ya kofia zao. Bwana Abdulhalim hakukohoa. Alikuwa amesimamisha tasbihi.

"Eleza," akasema Karani Yunusi, na sauti yake ilikuwa na woga.

"Tangu nizawe, mimi ndiye niliyeambiwa: Barka, ndoo. Barka, nenda. Barka, beba. Barka, hujafa bado? Siku nilipompata punda nikasema, na mimi niwe na wangu wa kumwamuru. Basi kila asubuhi namwambia: Bwana, amka. Bwana, beba. Bwana, usile kikapu cha watu. Siku ile niliona chombo chashuka, naye amesimama katikati ya ndia. Nikamwita avuke aje upande wangu, ili Bwana Gharib apite. Ndiyo nikasema, 'Ndoo, Bwana.' Punda alikuja, na baiskeli nayo ilikuwa imekwisha kushika upande uleule. Aliniamini, akaja. Angalikaidi siku ile, Bwana Gharib angalikuwa hai."

Nililisema hilo la mwisho nikilia, wala sikuona haya.

Bwana Abdulhalim akaweka tasbihi juu ya meza.

"Barka," akasema.

Ulimi wangu ulijibu kwa mazoea ya miaka yote ile: "Labeka, Bwana!"

Na chini, nje, pale kwenye nguzo alipokuwa amefungwa, punda wangu akalia kilio kirefu kilichotingisha madirisha.

"Ameitika!" akapaza sauti Madi mhunzi. "Shahidi ameitika!"

Hapo hakuna kofia iliyoweza kuficha kitu tena. Hakimu aligonga meza, hakuna aliyemsikia.

Bwana Abdulhalim alingoja hata kelele zikaisha.

"Huyo mnyama," akaniuliza taratibu, "ni mvivu?"

"Baada ya chakula cha adhuhuri tu, Bwana."

"Hukoroma?"

"Sana, Bwana."

Akaifunika midomo yake kwa kiganja. Nilizijua ghadhabu zake zote na furaha zake zote, lakini kile kilichokuwa nyuma ya kiganja kile sikukitambua.

"Bwana Hakimu," akasema hatimaye, "kilio kimoja si ushahidi, punda hulia apendapo. Mwanamke huyu huenda amesema kweli, na huenda amelitunga jina hili leo ili aokoke na anicheke pamoja. Mtu huweza kusema uongo. Punda hajui. Apimwe punda."

Sikujua kama amenipa kamba ya kujiokolea au ya kujinyongea. Nadhani alifurahi kwamba sijui.

Hakimu akalipenda shauri hilo. Akatoa amri, na Karani Yunusi akaitangaza: sote twende Langoni. Punda asimamishwe palepale, na mzigo uleule. Baiskeli ishuke kama ilivyoshuka. Mshtakiwa aite kama alivyoita. Punda akija kwa jina la Bwana, basi jina ni lake, aliyeitwa ni yeye, na msiba ulikuwa ajali: mwanamke aende zake. Punda asipokuja, jina ni la uongo, aliyeitwa alikuwa marehemu: mwanamke aende Mombasa.

"Na baiskeli atapanda nani?" nikauliza.

Swali lilikuwa zuri. Amu nzima watu wawili tu walijua kuipanda. Mmoja tulikuwa tumemzika. Wa pili alikuwa tayari anavua koti lake na kuingiza miguu ya suruali ndani ya soksi.

"Bwana Hakimu," akaanza Karani Yunusi.

"Ndoo, Yunusi!" akasema Hakimu kwa furaha, akatangulia.

Mji mzima ulitufuata. Barazani hapakuwa na nafasi ya kuweka unyayo. Bi Swafiya, akiwa na ndoo yake kwapani, maana hakuna aliyeihitaji tena, alimpandisha Bi Umulkheir nyumbani kwake ili atazame kutoka dirishani pasipo kuonekana. Bwana Abdulhalim aliletewa kiti. Mimi nikawekwa upande wangu wa njia, punda akawekwa katikati na mawe yake mgongoni, na Hakimu akakokota baiskeli mpaka juu kabisa ya mteremko. Gurudumu lake Madi alikuwa amelinyoosha, na aliyatazama mazunguko yake kama baba wa bwana harusi.

Hakimu akapunga leso. Akapanda. Akashuka.

Mwanzoni ilikuja polepole, kwa adabu. Kisha ikaacha adabu.

"Barka," akaninong'oneza Madi, aliyekuwa kando yangu. "Kile kitu cha kuzuilia gurudumu. Cha kusimamishia."

"Kimefanyani?"

Akafumbua kiganja. Palikuwa na kipande cha chuma, kizuri, kimesuguliwa.

"Nilipomaliza kulifunga, hiki kilinibakia."

"Hukumwambia?"

"Kwa Kiingereza?"

Nikatazama juu. Masharubu mekundu yalikuwa yanakua kwa kasi. Nikimwita punda na punda akaja, nitakuwa huru, na Hakimu atakuwa wa pili kugonga jiwe lile kwa neno langu. Nikinyamaza, Hakimu atamgonga punda palepale katikati ya njia, nami nitakwenda Mombasa pamoja na maiti yake.

"Barka!" ikalia sauti ya Bi Umulkheir kutoka dirishani. "Mmoja atosha!"

Akili ikanijia, na nikamshukuru Mungu kwayo. Nimwite punda sasa hivi, mapema, wakati baiskeli iko mbali. Avuke upesi, njia iwe wazi, Hakimu apite salama mpaka mchangani pwani, nami niwe huru. Wote tupone. Ilikuwa hesabu nzuri, na ilihitaji jambo moja tu: punda mtiifu.

Nikajaza kifua.

"Ndoo, Bwana!" nikaita. "Ndoo!"

Punda wangu akanigeuzia macho. Akautazama umati uliokusanyika kwa ajili yake, barazani na madirishani. Akamtazama Bwana Abdulhalim kitini. Akasimamisha masikio, akakita miguu yake minne ardhini kama mtu aliyekwisha kuwa mkubwa, asiyeitwa ovyo.

Hakutikisika.

"Ndoo, Bwana!" nikalia. "Ndoo, nakuomba!"

Na Bwana akaja.

Hakuwa punda. Juu ya mteremko, Hakimu alikuwa amelisikia neno lake, lile la asubuhi, akalifahamu peke yake, bila mkalimani. Aligeuza usukani kwa nguvu zote, akaacha njia, akanijia mimi moja kwa moja, mkono mmoja ameuinua kunisalimu, na usoni mwake furaha kubwa ya mtu anayeitika alipoitwa.